David Bruce: Tabibu wa Homa ya Maziwa na Ugonjwa wa Malale

Ni nadra sana jina la mtu mmoja kubandikwa vimelea viwili visivyo na nasaba yoyote. David Bruce alipata heshima hiyo, kama kweli ni heshima. Kimelea cha kwanza ni brusela, bakteria anayetoka katika maziwa na mimba zilizotupwa za mbuzi, kondoo na ng'ombe, akamwingia binadamu na kumletea homa ya kupanda na kushuka. Cha pili ni tripanosoma brusei, ambacho si bakteria hata kidogo bali ni mnyama mdogo wa seli moja aogeleaye katika damu. Baadhi ya jamaa zake ndio waletao malale. Mkazi wa Homa Bay au wa Migori, hata kama hajawahi kulisikia jina la Bruce, anayajua maradhi yote mawili kwa sababu yamepita katika zizi lake, au la jirani yake, au la babu yake.

Makala haya yanakusudia kuyasimulia maisha ya tabibu huyo. Msomaji aelewe mapema kwamba Bruce hakubuni chanjo ya homa hiyo ya maziwa. Alichofanya ni kumkamata mwizi, kisha wenzake wakaionyesha njia aliyopitia. Kazi ya kumkinga mnyama na binadamu kwa sindano waliirithi wengine, nayo haijesha.

Bruce alizaliwa tarehe 29 Mei 1855 mjini Melbourne, Australia. Wazazi wake walikuwa Waskoti waliovutwa huko na habari za dhahabu ya Victoria. Alipokuwa na umri wa miaka mitano hivi familia ilirejea Uskoti, ikakaa Stirling. Akiwa na miaka 14 aliacha shule, akaenda kufanya kazi katika ghala la biashara mjini Manchester. Alikuwa kijana mwenye kifua kipana, mpenda michezo, na inasemekana alitamani riziki yake itoke katika misuli. Nimonia ilimwangusha akiwa na miaka 17, ikayakatiza matamanio hayo. Akarudi kwenye vitabu, na mwaka 1876 akajiunga na Chuo Kikuu cha Edinburgh. Mwanzoni alitaka kusoma elimu ya wanyama, kisha akashawishika kuingia udaktari, akahitimu mwaka 1881.

Alifanya kazi kwa muda mfupi katika mji mdogo wa Reigate, kusini mwa London, na huko ndiko alikompata Mary Elizabeth Steele, binti wa daktari. Walioana mwaka 1883, mwaka uo huo Bruce alioingia katika utumishi wa utabibu wa jeshi la Uingereza. Tangu siku hiyo ni vigumu kuyasimulia maisha ya mmoja bila ya mwenzake. Mary alipika vyakula vya kuoteshea vijidudu, alipaka rangi vioo vya hadubini, alihesabu na kuchora. Michoro mingi iliyomo katika ripoti za mumewe ilitoka mkononi mwake. Hata hivyo, katika orodha ya waandishi wa ripoti hizo jina lake halipatikani ila kwa nadra.

Mwaka 1884 walipelekwa Malta. Kisiwa hicho cha bahari ya Mediterania kilikuwa na homa iliyowala askari wa Kiingereza pole pole. Mgonjwa hutoka jasho jingi usiku, viungo vikamuuma, homa ikashuka akadhani amepona, kisha ikarudi. Wengi walilazwa kwa miezi, na wachache walikufa. Madaktari waliisingizia hewa chafu, mifereji ya maji machafu na joto la kiangazi. Bruce alinunua hadubini na kuanza kuchunguza wengu za askari waliofariki. Kwa msaada wa tabibu wa Kimalta, Giuseppe Caruana Scicluna, aliyekuwa na ujuzi wa kuotesha vijidudu, alifaulu kukiotesha kijidudu kidogo mno cha mviringo. Akakidunga kwa nyani, nao wakapata homa. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1887. Baadaye akakiita kijidudu hicho kwa jina la kale la kisiwa, Melita.

Hata hivyo kulibakia swali moja, nalo lilikaa miaka kumi na minane bila jibu. Bruce alijua ni nani auaye, ila hakujua aingilia mlango gani. Kwa maji? Kwa mbu? Kwa vumbi? Wakati huo wote mbuzi walikuwa wakiongozwa mtaa kwa mtaa mjini Valletta na kukamuliwa mbele ya kila mlango, na maziwa yao yakinywewa yangali vuguvugu.

Bruce alitoka Malta akaenda Berlin kujifunza katika maabara ya Robert Koch, kisha kuanzia 1889 akafundisha katika chuo cha utabibu wa jeshi huko Netley, kusini mwa Uingereza. Almroth Wright alijiunga na chuo hicho mwaka 1892, na hapa ndipo wazo la chanjo linapoingia katika hadithi yetu. Wright ndiye aliyekuja kusifika kwa chanjo ya homa ya matumbo iliyotengenezwa kwa vijidudu vilivyouawa. Aliijaribu njia hiyo hiyo juu ya homa ya Malta, na aliyejaribiwa alikuwa yeye mwenyewe: alijidunga vijidudu vilivyokufa, kisha akajidunga vilivyo hai ili aone kama amekingika. Hakukingika. Aliugua homa ya Malta kama askari yeyote.

Kwa nini kilichofaa kwa homa ya matumbo kikashindwa hapa? Sababu yake ilikuja kujulikana baadaye sana. Brusela hakai nje akingojea askari wa mwili wamkute. Hujipenyeza ndani ya seli zilezile zenye kazi ya kumeza wageni, akajificha humo na kuzaana. Kingamwili zinazoogelea katika damu haziwezi kumfikia. Chanjo ya vijidudu vilivyokufa huamsha zaidi kingamwili hizo. Anayehitajika hapa ni mlinzi wa aina nyingine, na mlinzi huyo aghalabu huamshwa na kijidudu kilicho hai lakini kilichodhoofishwa. Wakati wa Wright hakuna aliyeyajua hayo.

Mwaka 1894 Bruce alipelekwa Natal, Afrika Kusini. Gavana wa huko alikuwa amewahi kufanya kazi Malta na alimfahamu. Ng'ombe wa Zululand walikuwa wakikonda na kufa kwa ugonjwa ambao Wazulu waliuita nagana. Bruce na mkewe walisafiri kwa magari ya maksai mpaka kilima cha Ubombo, wakaishi katika kibanda cha miti na udongo na kukifanya kuwa maabara. Bruce alitazamia kupata bakteria. Badala yake alikuta kimelea chenye mkia kikichezacheza katikati ya chembe za damu. Alithibitisha kwamba mbung'o ndiye mchukuzi, na kwamba wanyama wa mwituni hukibeba kimelea hicho bila ya kuugua. Wafugaji wenyewe walikuwa wamesema tangu zamani kuwa nagana hufuatana na wanyamapori. Haifai kuyapuuza maneno hayo: sayansi ya Ubombo iliithibitisha na kuirekebisha elimu iliyokuwepo, haikuanza na ukurasa mtupu.

Vita vya Makaburu vilipozuka mwaka 1899, Bruce na Mary walizingirwa mjini Ladysmith. Yeye alifanya upasuaji, naye Mary akawa muuguzi wa chumba cha upasuaji, akatunukiwa nishani kwa kazi hiyo. Tuyaache hayo, maana safari inayotuhusu zaidi sisi watu wa ziwa ilikuwa mbele.

Katika mwanzo wa karne ya 20 malale yaliwaka kandokando ya ziwa Victoria. Katika Buganda na Busoga watu walikufa kwa makumi ya maelfu, na kufikia mwaka 1906 idadi ya waliokufa Uganda hukadiriwa kuwa zaidi ya 200,000. Mpaka wa koloni haukumzuia mbung'o. Nchi ya Kavirondo, iliyokuwa sehemu ya Uganda hadi ilipohamishiwa himaya ya Afrika Mashariki mwaka 1902, ilionja uchungu huo. Pwani za Kavirondo Kusini, ambazo leo zimo katika kaunti za Homa Bay na Migori, pamoja na visiwa vya Rusinga na Mfangano, zilipoteza watu wengi. Luo waliuita ugonjwa wa usingizi, tuo nindo. Kiswahili kimeuita malale, kwa mzizi uo huo wa kulala. Lugha mbili zisizo na udugu ziliitazama dalili moja na kuipa jina moja. Mwanafunzi wa isimu na aliandike hilo katika daftari lake.

Royal Society ya London ilikwisha kupeleka tume ya kwanza mwaka 1902. Mmoja wa wajumbe wake, kijana Mwitalia Aldo Castellani, alishikilia mwanzoni kwamba malale husababishwa na bakteria. Baadaye aliona tripanosoma katika maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa, ila hakuwa na hakika ya maana yake. Bruce aliwasili Entebbe Machi 1903, akaelezwa habari hizo, na kwa kuwa alikuwa ametoka katika nagana alielewa mara moja. Ni nani basi aliyegundua? Castellani na wafuasi wa Bruce waligombania jambo hilo kwa miaka, hata magazetini. Kwa maoni yangu, jicho lilikuwa la Castellani na akili ya kuunganisha ilikuwa ya Bruce, na haimpunguzii heshima yeyote kati yao kusema hivyo.

Kilichofuata ni jambo ambalo vitabu hulipita haraka, nami sipendi kulipita. Bruce alihitaji kujua mbung'o wako wapi na wagonjwa wako wapi katika nchi nzima. Hakuweza kufika kote. Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda, alisaidia kuwaagiza machifu na watu wao wakamate nzi waumao, wawafunge katika karatasi, waandike mahali walipopatikana na kuwapeleka Entebbe. Wamisionari nao walisaidia. Vifurushi vilipofika, kila mahali palitiwa alama kwenye ramani: ramani moja ya nzi na nyingine ya wagonjwa. Zilipolinganishwa zilishabihiana, zote zikiufuata ukingo wa ziwa na visiwa. Jaribio la nzi walionyonya damu ya mgonjwa kisha wakawauma nyani lilikamilisha ushahidi. Majina ya wakusanyaji wale, walioingia vichakani penye mbung'o ili kuwakamata, hayakuandikwa popote.

Agosti 1903 Bruce alirudi Uingereza, na mwaka 1904 akapewa uongozi wa tume ya kuichunguza homa ya Malta, ile kesi yake ya zamani. Safari hii aliyeufungua mlango ni Themistocles Zammit, daktari Mmalta. Mwaka 1905 Zammit aliwapima mbuzi sita waliokuwa na afya nzuri machoni, akitumia njia ya kutazama kama damu yao huwafanya vijidudu wagandamane. Watano kati ya sita walionyesha dalili. Uchunguzi uliofuata uliona kwamba karibu nusu ya mbuzi wa Malta walikwisha kuambukizwa, na takribani mmoja katika kila kumi alikuwa akitoa vijidudu katika maziwa. Mwaka huo huo meli ya Joshua Nicholson ilibeba mbuzi wa Malta kuelekea Marekani. Mabaharia walikunywa maziwa yao njiani, na wengi wakaugua.

Mwaka 1906 askari walipigwa marufuku kunywa maziwa ya mbuzi. Wagonjwa waliokuwa wakihesabiwa kwa mamia kila mwaka katika kambi za jeshi walishuka hadi wachache mno kufikia 1907. Hapakutumika chanjo wala dawa. Raia wa Malta, hata hivyo, waliendelea kuugua kwa miaka mingi, kwa kuwa amri ilikuwa ya kambi, nao mbuzi walikuwa riziki ya watu. Mwenye mshahara anaweza kuachishwa maziwa kwa amri. Mwenye mbuzi wanne na watoto saba itakuwaje?

Zammit anastahili neno zaidi katika jarida la Kiswahili. Alikuwa pia mwanaakiolojia aliyefukua mahekalu ya kale ya Tarxien, na mwandishi wa hadithi katika lugha ya Kimalta, lugha yenye asili ya Kiarabu iliyodharauliwa na wasomi wengi wa zama zake waliokipendelea Kiitaliano. Mswahili akimsikia Mmalta akihesabu sita, saba na tisa ataelewa bila mkalimani. Katika masimulizi mengi ya Kiingereza Bruce ndiye shujaa wa homa ya Malta na Zammit ni msaidizi. Bruce aliongoza tume, lakini sehemu kubwa ya muda alikuwa London. Aliyekuwa na mbuzi mkononi ni Zammit.

Bruce alifanywa Sir mwaka 1908, na mwaka huo akarudi Uganda, akaweka maabara Mpumu, kusini ya nchi. Serikali ilikuwa imewahamisha watu kutoka ukingoni mwa ziwa kwa dhana kwamba mbung'o wakikosa wagonjwa watasafika. Bruce aliona kwamba muda mrefu baada ya watu kuondoka nzi wangali na ugonjwa. Akathibitisha kwa majaribio kuwa swala na ng'ombe huweza kukihifadhi kimelea. Katika jambo moja alikuwa amekosea: alidhani mbung'o hubeba kimelea midomoni tu, kama sindano chafu. Mjerumani Friedrich Kleine, akifanya kazi upande wa Wajerumani wa ziwa hilo hilo, alionyesha mwaka 1909 kwamba kimelea hukua ndani ya nzi kwa majuma kadhaa kabla ya kuambukiza. Bruce alirudia majaribio, akakubali.

Habari ya wanyama kuwa ghala la ugonjwa ndiyo iliyokuja kulielemea bonde la Lambwe, katika Homa Bay. Huko malale ya aina kali yalizuka kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, na yakarudi kwa nguvu mapema katika miaka ya 1980, pongo na ng'ombe wakiwa miongoni mwa wahifadhi wake. Hifadhi ya Ruma ni sehemu ya bonde hilo. Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeyaondoa malale kama tatizo la afya ya umma. Ushindi huo ulipatikana kwa mitego, dawa na upimaji. Chanjo ya malale haipo, kwani kimelea hubadilisha kanzu yake kila kinga inapokaribia kumtambua.

Bruce alikwenda pia Nyasaland, 1911 hadi 1914, akapendekeza wanyamapori wauawe penye mbung'o, jambo lililoleta ubishi mkubwa. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia aliongoza chuo cha utabibu wa jeshi London na kamati ya pepopunda. Bakteria wa pepopunda hukaa katika mavi ya farasi na udongo uliorutubishwa kwa samadi, na mashamba ya Ufaransa yalijaa vyote viwili. Kamati yake ilisisitiza kila majeruhi adungwe mapema seramu ya kinga iliyotolewa katika damu ya farasi, na pepopunda ikapungua sana. Hiyo ndiyo kazi iliyomweka karibu zaidi na sindano ya kinga.

Akiwa amestaafu aliona kesi yake ya kwanza ikipanuka. Mdenmaki Bernhard Bang alikuwa amegundua mwaka 1897 bakteria afanyaye ng'ombe watupe mimba. Mwaka 1918 Alice Evans wa Marekani alionyesha kuwa huyo na yule wa mbuzi wa Malta ni ndugu. Mwaka 1920 ukoo wao ukaitwa brusela. Mwaka 1923 John Buck, naye wa Marekani, alipata katika maziwa ya ng'ombe aina moja ya brusela, akaiacha mezani kwa zaidi ya mwaka, akakuta imepoteza ukali lakini ingali hai. Hiyo ndiyo chanjo iitwayo Aina ya 19, ambayo hadi leo hudungwa ndama jike. Kwa mbuzi na kondoo chanjo ya Rev.1 ilitokea katika miaka ya 1950. Zote mbili zina kasoro: zaweza kumfanya mnyama mwenye mimba aitupe, huvuruga vipimo vya damu, na daktari wa mifugo akijichoma kwa bahati mbaya huweza kuugua. Kwa binadamu, chanjo hai zilitumika katika Urusi ya Kisovieti na China, ila madhara yake yalizuia zisienee. Mfugaji wa Kuria au wa Suba bado anategemea kuchemsha maziwa na kutoshika mimba iliyotupwa kwa mikono mitupu, na anapougua mara nyingi hutibiwa malaria au homa ya matumbo kwanza, kwa vile dalili hufanana.

Neno chanjo lenyewe limetoka katika kuchanja, kukata chale. Lilikuwepo kabla ya sindano, na limeupokea utaalamu mpya bila ya kubadili umbo. Bruselosi, kwa upande mwingine, haijapata jina la Kiswahili lililokubalika, ilhali kimeta, tauni na pepopunda wanayo yao. Jina la homa ya Malta linamwelekeza mfugaji wa Kehancha kisiwa asichokijua. Waandalizi wa istilahi wana kazi hapo.

Mapafu yalimsumbua Bruce uzeeni, naye alikuwa akikimbia baridi ya Uingereza na kwenda Madeira. Mary alifariki tarehe 23 Novemba 1931. Siku nne baadaye, wakati ibada ya mazishi yake ikiendelea mjini London, Bruce naye akakata roho. Alikuwa ameacha ombi kwamba iwapo kutaandikwa chochote juu ya maisha yake, isisahauliwe sehemu ya Mary katika kazi yote, kuanzia Malta.